9mm, .45, .38, .380 au .22: risasi gani ya bastola kwa mtu wa Malindi?

Mpwa wangu alinijia baada ya Ishaa, fomu mkononi. Ana duka la jumla hapa Malindi, hufunga saa tatu usiku, na kwa muda wa miezi michache amevamiwa mara mbili akirudi nyumbani na mauzo ya siku. Kituo cha polisi ameshapita, cheti cha tabia njema anacho, daktari ameshamwona, maswali ya maofisa ameyajibu. Akakaa barazani, akanyoosha miguu, akasema, "Mjomba, wanataka kujua kaliba. Mimi nataka .45. Wasemaje?"

Sikumjibu usiku ule. Nimekuwa na bastola kwa cheti miaka 11 sasa, nimebadilisha kaliba, yaani saizi ya risasi, mara moja, na badiliko lile lilinitoa fedha na safari za Nairobi ambazo ningeziepuka kama mtu angenikalisha chini mapema. Nilimwambia angoje Jumamosi, twende renji, uwanja wa kulengea shabaha, na ami yake aje naye, kwa kuwa mzee huyo pia alikuwa na maswali yake. Haya ndiyo niliyowaambia njiani, pamoja na tuliyoyaona tulipofika.

Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, haikupi ruhusa ya kuwa na bastola yoyote uitakayo. Cheti hutaja silaha yenyewe, na hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo. Ukiona umekosea kuchagua, hurudishi dukani kama viatu. Unarudi kwenye Bodi ya Leseni za Silaha na kuanza kujieleza upya. Ndiyo maana kijisanduku kile kidogo cha kaliba kwenye fomu kinastahili jioni nzima ya mazungumzo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kujilinda, chukua 9mm. Kwa shabaha, .22 ukikubaliwa silaha ya pili, na usipokubaliwa, 9mm hiyohiyo. Nyingine zina watu wake na nitawataja. Ila sababu zangu si zile vijana wanazobishania maskani, ipi hupiga kwa nguvu zaidi. Sababu zangu ni mkono wako, ukuta wa jirani yako, na mara ngapi kwa mwaka utaweza kwenda kupiga.

Majina yanavyochanganya

Namba yenye nukta mbele ni sehemu ya inchi. Risasi ya .45 ina upana wa karibu milimita 11.5, ya .40 ni milimita 10 na kidogo, ya .22 ni kama 5.6. Balaa liko katikati. 9mm, .380 na .38, zote tatu risasi zake zina upana wa karibu milimita 9, na hakuna hata moja inayofaa kutiwa kwenye bastola ya nyingine. Kinachozitenganisha ni ganda, ile sehemu ya shaba inayobeba baruti. La .380 lina urefu wa milimita 17, la 9mm lina 19, na la .38 Special lina 29 pamoja na ukingo kitakoni, kwa sababu ni risasi ya rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka.

Malindi jambo hili lina sura ya ziada kwa sababu ya Waitaliano wetu. Wao .380 huiita nove corto, yaani tisa fupi, na kwao ilikuwa na wapenzi wengi kwa sababu raia wa Italia alikatazwa 9mm ya kawaida, ikihesabiwa risasi ya jeshi, mpaka sheria ya Desemba 2021 ilipoifungulia mlango. Kwa hiyo mtu wa mji huu akikwambia "yangu ni tisa", muulize tisa ipi. Kisha usiridhike na jibu lake. Soma kilichochongwa ubavuni mwa mtutu, geuza risasi usome kitako cha ganda, na maandishi yalingane.

Hizi hapa namba za risasi za kawaida za kiwandani, zikitoka kwenye mtutu wa bastola. Kiwanda na kiwanda hutofautiana kidogo, lakini picha ni hii:

| Kaliba | Ilianza | Uzito wa risasi | Kasi | Nishati |
|---|---|---|---|---|
| .22 LR | 1887 | gramu 2.6 | mita 300 kwa sekunde | jouli 115 |
| .380 | 1908 | gramu 6.2 | mita 290 | jouli 260 |
| .38 Special | 1898 | gramu 10.2 | mita 230 | jouli 270 |
| 9mm | 1902 | gramu 7.5 | mita 360 | jouli 485 |
| .40 | 1990 | gramu 11.7 | mita 300 | jouli 525 |
| .45 | 1904 | gramu 14.9 | mita 260 | jouli 500 |

Tazama mstari wa 9mm na wa .45. Moja ni nyepesi na ina mbio, nyingine ni nzito na ya polepole, na mwisho wa hesabu nishati yake inakaribiana sana. Mpwa wangu alipoziona namba hizi alinyamaza kidogo. Alikuwa amehakikishiwa kuwa .45 ni mara mbili ya 9mm.

9mm na .45

Sifa ya .45 ilianzia Ufilipino. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanajeshi wa Marekani walipigana na Wamoro wa kusini mwa visiwa vile, na wakalalamika kwamba rivolva zao za .38 za wakati huo, ambazo si .38 Special ya leo, hazimsimamishi mtu anayewajia mbio. Jeshi likafanya majaribio mwaka 1904, likaamua linataka risasi kubwa, na John Browning akaunda .45 na bastola yake, ile iliyokubaliwa mwaka 1911 na kuitwa M1911. Ilidumu jeshini mpaka 1985, ilipopokewa na Beretta ya 9mm. Silaha iliyokaa miaka zaidi ya 70 ina haki ya kuheshimiwa, nami naiheshimu.

9mm yenyewe ni kazi ya Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani. Kwa muda mrefu ilisemwa vibaya, na siku mbaya kuliko zote kwa jina lake ilikuwa tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walipopambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Risasi moja ya 9mm ilimpata jambazi mapema katika mapambano lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni, naye akaendelea kupiga. FBI ikaitupa 9mm, ikajaribu milimita 10, ikaona teke lake, ule msukumo unaorudi mkononi, linawashinda wengi, na kutokana na hilo ikazaliwa .40 mwaka 1990.

Wanaotetea risasi kubwa hukomea hapo, na wakikomea hapo wanakuachia nusu ya habari. Baada ya Miami, FBI iliweka kipimo. Risasi ya kujilinda ipite kwenye jeli maalumu angalau sentimita 30 na isizidi 46, hata ikiwa imepitia nguo nzito kwanza. Viwanda vikaanza kutengeneza risasi za kukidhi kipimo hicho, zile zenye shimo kichwani zinazochanua zikigonga. Mwaka 2014 FBI ikaamua kuirudia 9mm. Hoja yao ilikuwa kwamba kwa risasi za kisasa tofauti ya majeraha kati ya kaliba hizi haionekani, ilhali tofauti ya maofisa kwenye shabaha inaonekana wazi. Kwa 9mm walilenga vizuri zaidi, haraka zaidi, na walibeba risasi nyingi zaidi.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nataka mtu wa duka aishike. Risasi ya bastola haimrushi mtu nyuma kama kwenye sinema. Kama ingemrusha anayepigwa, ingemrusha na anayepiga. Kinachofanya kazi ni mahali ilipopita na kina ilichofika, na ya pili kufuata mara moja kama ya kwanza imekosa. Katika hofu nyingi hukosa, hata za watu waliofundishwa. Bastola ya .45 ya mtindo wa 1911 hubeba saba kwenye magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia mpinini. Glock 19 ya 9mm hubeba 15. Ceska, bastola ya Czech ambayo jina lake kila msomaji wa magazeti Kenya analijua, ni ya 9mm pia, na ya chuma ina uzito wa karibu kilo moja, jambo linalotuliza teke lake vizuri sana.

Halafu kuna upatikanaji. 9mm ndiyo utakayoikuta kwa kila muuzaji mwenye leseni. Kiwanda chetu cha risasi cha Eldoret, kilichoanzishwa 1997, nacho hutengeneza 9mm. .45 ni kubwa, ina risasi nzito zaidi na shaba zaidi, na bei yake hufuata. Mtu anayenunua ghali hupiga kidogo, na anayepiga kidogo hukosa. Nimewaona wenye .45 nzuri, zilizong'arishwa, ambao hawajapiga boksi moja tangu mwaka juzi.

Nani basi achukue .45? Mwenye kiganja kikubwa, aliyeshapiga maelfu ya risasi, anayeishi karibu na renji na ana mfuko. Teke lake si kali kama watu wanavyosema. Ni msukumo mzito wa taratibu kuliko kofi, na wapo wanaoupenda. Mtu huyo hahitaji ushauri wangu.

Juu ya .40 sina mengi. Ina kofi kuliko .45, imeachwa na wale walioiomba, na kwa anayeanza leo sioni kinachompeleka huko.

Joto letu na shati jembamba

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa na wataalamu wa ng'ambo ni nguo. Wao huvaa makoti. Hapa Januari, kaskazi ikivuma kavu, mtu anavaa shati la pamba tu, na bastola kubwa kiunoni inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Silaha inayoonekana ni mwaliko kwa mwizi kuipora, na ni kero kwa kila anayekaa nawe kwenye matatu. Kwenye kikoi haikai kabisa. Inahitaji mkanda mgumu na ala inayofunika kifyatulio chote. Bastola za .45 ni nene mpini na nzito zikijaa. Za 9mm zipo za ukubwa wa kati zinazolala vizuri chini ya shati lililoachwa nje. Kwa mpwa wangu, anayepanda bodaboda akirudi nyumbani, hili peke yake lilikuwa nusu ya jibu.

.38 na .380: udogo unaodanganya

Ami yake mpwa wangu ana miaka 63 na baridi yabisi vidoleni. Alikuwa ameshaambiwa na rafiki kwamba mtu mzima anafaa rivolva ndogo ya .38, ile ya kutia mfukoni, kwa sababu "haina mambo". Ushauri huu hutolewa kwa wazee na kwa wanawake kila siku, na nusu yake ni kosa.

Kilicho kweli ni wepesi wa kuielewa. Huna magazini, huna slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola, ya kuvuta nyuma. Unafungua silinda, unaona kwa macho kama ina risasi au haina. Na risasi moja ikikataa kuwaka, huhitaji kuikwamua. Unavuta tena na inayofuata inakuja. Kwa mtu asiyefanya mazoezi sana hiyo ni faida kubwa.

Kosa liko kwenye ule wepesi wa mfukoni. Rivolva ya aloi, yaani madini mepesi, ya risasi tano, haifiki hata nusu kilo, na uzito wa silaha ndio unaomeza teke. Ukipunguza chuma, teke lote linakuja kiganjani. Tena kifyatulio chake huvutwa kwa nguvu ya kilo nne hadi tano na safari yake ni ndefu, kidole chenye maumivu kinakitetemesha na mtutu unatetemeka nacho. Mzee alipiga tatu kutoka kwenye ile ndogo, akaiweka mezani taratibu, akaukunja na kuukunjua mkono. "Hii ni ya mtu ambaye hatakusudia kupiga," akasema. Mwalimu wa renji akampa rivolva ya .38 ya chuma, mtutu wa inchi nne, risasi zilezile. Akapiga sita bila kulalamika. Kaliba haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni gramu.

.380 ina mtego wake. Risasi ni laini, bastola zake ni ndogo na nyembamba, ukiishika dukani unaipenda papo hapo. Lakini nyingi za muundo wa zamani hazina kifungio cha mtutu. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi ngumu, na springi ile ngumu ndiyo inayowashinda wenye vidole dhaifu. Mke wangu aliweza kuvuta slaidi ya 9mm ya kati na akashindwa na ya .380 ndogo, na nilipomwona nikashangaa, kwa sababu nilimnunulia ala ya .380 nikiwa na uhakika. Nguvu yake pia iko mpakani. Risasi zake zenye shimo kichwani, zikichanua, aghalabu hazifiki zile sentimita 30, na zisipochanua hazina tofauti na risasi ya kawaida. Ningemwachia .380 mtu ambaye lazima abebe kitu kidogo sana, akijua anachokiacha.

.22, mwalimu wa mkono

Kama unachotaka ni shabaha tu, kupiga karatasi Jumamosi na kuona mashimo yakikaribiana mwezi baada ya mwezi, usisome zaidi juu ya hizo nyingine. Chukua .22. Mashindano ya bastola ya mita 25 kwenye Olimpiki hupigwa kwa .22, na yale ya mita 10 kwa bastola ya upepo ya milimita 4.5. Ile picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki huko Paris mwaka 2024, mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida, medali ya fedha, ilikuwa ya bastola ya upepo. Na hata ya upepo, usiiagize kabla ya kuulizia kibali kituoni.

.22 haina teke la kukufanya ufumbe macho, na kufumba macho ndio ugonjwa wa kwanza wa mpigaji mpya. Ukianza na kaliba kubwa unaujenga ugonjwa huo, kisha unatumia miaka kuutibu. Boksi lake ni nafuu kuliko yote, kwa hiyo unapiga 100 pale ambapo mwenye .45 anapiga 20.

Lakini isiwe ndiyo ya kujilinda ukiwa na jingine la kuchagua. Nguvu yake ni ndogo, na fataki yake, ile ya kuwashia baruti, imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda badala ya kukaa katikati, kwa hiyo hukataa kuwaka mara nyingi kuliko nyingine. Risasi zake nyingi hupakwa nta nje, na nta hiyo hunasa mchanga. Mtu wa pwani anaelewa maana yake. Tena usifyatue .22 ikiwa tupu nyumbani kwa mazoezi, maana pini ya kugonga risasi ya nyingi kati ya hizo itagonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, na kuuharibu. Bastola nyingi za kisasa za 9mm hazina tatizo hilo, na kwetu sisi, renji ikiwa mbali saa mbili na ushei kwa gari, mazoezi makavu ya chumbani, risasi zikiwa chumba kingine na mtutu ukielekea ukuta wa mawe, ndiyo mazoezi yetu mengi. Hii ni sababu nyingine ya 9mm ambayo mtu anayekaa karibu na renji hatakutajia.

Na udogo wake usikutie ushujaa. Maboksi ya .22 huandikwa onyo kuwa risasi husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Nazi za shambani si shabaha. Ufuo mtupu si renji.

Ukuta wa jirani

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Nenda nyumbani kwako usiku, simama pale ambapo ungesimama, na utazame nyuma ya kila mlango kuna nani.

Nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, kuta za karibu nusu mita na lipu ya chokaa, itaisimamisha risasi yoyote kwenye jedwali lile. Nyumba nyingi tunazoishi si hizo. Kuna matofali membamba ya kuchongwa, kuna fito na udongo, kuna mabati, kuna mlango wa plaiwudi, na juu kuna makuti. Mabati na plaiwudi hazisimamishi hata .22. Nyuma ya plaiwudi ya sebuleni kwangu wamelala wanangu wawili, na ng'ambo ya uchochoro wa hatua nne kuna dirisha la jirani, mama mjane, ambalo haliwi na pazia wakati wa joto. Nilipima kwa kamba siku niliyochukua cheti. Baada ya kupima nilihamisha kitanda cha watoto, na nikajichagulia kona moja tu ya nyumba ambayo nyuma yake kuna ukuta wa mawe na kisima. Pembe nyingine zote nimejikataza.

Kati ya 9mm na .45 tofauti ya kupenya kuta hizi hafifu ni ndogo kuliko tofauti kati ya risasi ya kawaida iliyofunikwa shaba kotekote na ile yenye shimo kichwani. Ya kawaida, hasa ya 9mm, hupita ndani ya kitu na kuendelea na safari yake. Ya shimo kichwani huchanua na kupunguza mwendo. Kwa hiyo watu wengi hufanya hivi: za kawaida, zilizo rahisi, ni za renji, na zenye shimo ni za nyumbani, kama muuzaji anazo na cheti chako kinaziruhusu. Lakini piga angalau magazini mbili za hizo za nyumbani kwenye renji, kwa sababu zipo bastola zinazokwama na umbo la kichwa kile.

Kishindo nacho. Bastola ndani ya chumba hufika desibeli 150 na kupita 160, na sikio huanza kudhurika papo hapo kwenye 140. Renji unavaa vizibo, nyumbani usiku huna. Na baada ya kishindo kuna sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 17, hupima kujitetea kwa misingi ya sheria ya Uingereza: hatari iwe ya kweli au iliyoaminiwa kwa haki, na nguvu iwe ya kadiri. Mwizi anayekimbia na kreti ya soda hatishii uhai wako tena. Kaliba yoyote uliyochagua ibaki kiunoni.

Chumvi

Miaka yangu ya kwanza niliiacha bastola ndani ya ala ya ngozi, ndani ya sefu, magazini imejaa, nikaiona imetulia. Kusi ikaja, masika ikanyesha, nikafungua baada ya miezi mitatu. Maganda yalikuwa na utando wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa, na mawili yalinata kwenye magazini nilipoyasukuma kwa kidole gumba. Dawa zinazosindikia ngozi hula shaba, na hewa yetu ya bahari humalizia. Siku ileile nilikwenda na risasi hizo renji, tatu kati ya 15 hazikuwaka. Nilizidai kwa muuzaji, naye akanijibu kwamba ni hewa ya Malindi. Alikuwa na haki kwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa boksi lililokaa kwake muda mrefu kuliko alivyokiri.

Tangu hapo bastola haikai ndani ya ngozi. Inapanguswa mafuta membamba kila Ijumaa, vifuko vya kunyonya unyevu vimo ndani ya sefu, na risasi za kubeba hubadilishwa kusi ikipita. Za zamani huzipiga renji. Kwa hili tena 9mm inakusaidia, kwa kuwa kubadilisha risasi 30 za 9mm kila mwaka hakuumi kama kubadilisha za .45.

Jumamosi

Mpwa wangu alianza na .22, boksi zima, mwalimu akimsimamia begani. Mwanzo mashimo yalitapakaa chini kushoto, dalili ya kuvuta kifyatulio kwa kishindo. Kufikia risasi ya 40 yalikuwa yameanza kukusanyika. Kisha mwalimu akamwekea .45 aliyoitamani, mita saba, risasi saba. Mbili zilikuwa ndani ya duara, tatu kwenye karatasi, mbili hatukuziona. Niliona uso wake kabla ya kila risasi. Macho yalikuwa yakifumba nusu sekunde mapema. Akapewa Ceska, risasi kumi. Tisa zikaingia ndani ya eneo la sahani ya chai na moja nje kidogo.

Mwalimu akamrudishia .45 ajaribu tena, sasa akiwa ametulia. Alipata nne kati ya saba. Hapo ndipo alipoitazama ile ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, imekuwa nyekundu, akasema, "Mjomba, hii ningeipenda kwa kuitazama tu."

Ami yake alimaliza siku kwa .22, ameketi, akipiga taratibu moja baada ya moja. Alituambia hataomba silaha ya kujilinda tena. Ataomba kujiunga na klabu.

Tukirudi, mpwa wangu aliiweka fomu juu ya goti, akaandika 9mm. Swali lake lililobaki lilikuwa idadi ya risasi za kuomba kwenye cheti. Tukapiga hesabu. Renji mara moja kwa mwezi, 50 kila safari. Magazini mbili za 15 za kubeba, na 30 nyingine za kubadilishia kusi ikiisha. Hawezi kununua za mwaka mzima kwa mkupuo, wala hana haja ya kuziweka nyumbani. Aombe kiasi cha safari mbili za renji pamoja na za kubeba, yaani 130, na aeleze hesabu hiyo kwa maandishi pembeni, kwa sababu ofisa akiona namba bila sababu hupunguza. Tulipofika daraja la Kilifi alikuwa ameshaiandika.